Tovuti Niliyomjengea Mathe Ikakosa Kuuza Hata Soksi

Siku nilipomwonyesha mathe tovuti ya duka lake, alivaa miwani, akashika simu yake kwa mikono miwili kama mtu anayesoma barua ya korti, halafu akangoja. Tukangoja wote. Skrini ilikuwa nyeupe, kaduara kanazunguka tu. Hatimaye ikafunguka: video ya kitambaa kinachopepea, muziki wa taratibu, na maneno makubwa ya Kiingereza kuhusu ubora na safari yetu.

Akaitazama kwa muda, akaniuliza, "Na sweta ni pesa ngapi?"

Maze, sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejenga kurasa tano na hakuna hata moja iliyosema bei ya sweta.

Wacha nianze mwanzo. Mamangu hushona sare za shule huko Kayole. Jina la duka sitalitaja, usije ukadhani hii ni tangazo. Ni chumba kimoja, cherehani mbili, ovaloki moja, na fundi mmoja anayekuja msimu ukichacha. Hiyo ovaloki na sketi za marinda ndizo zilinisomesha shule ya msingi, sekondari na mwaka mmoja na nusu wa chuo kikuu. Hapo kwa nusu ndipo mambo yalikatikia. Karo ilirundikana, nikakosa mtihani mmoja, nikakosa wa pili, nikarudi nyumbani nikisema nimepumzika kidogo. Hiyo "kidogo" sasa ina miaka miwili.

Tangu hapo natengeneza video za simu na mambo ya teknolojia. Wengine wenu mnanijua kutoka huko. Inalipa bando, wakati mwingine inalipa na kodi ya kachumba kangu, lakini kwenye mazishi na harusi za ukoo bado mimi ni yule kijana aliyeacha shule. Mashangazi huniuliza, "Na siku hizi uko wapi?" kwa ile sauti unaijua.

Kwa hivyo Septemba 2025 mathe aliposema anataka duka lionekane kwenye intaneti, nilidakia. Nikamwambia mimi naweza. Kusema ukweli nilikuwa naweza kiasi. Nilikuwa nimetazama watu wakitengeneza tovuti, na kutazama na kutengeneza ni vitu viwili tofauti, kama vile kula chapati na kusukuma chapati.

Mathe akaenda kwa chama chake akakopa thao 35. Dhamana ilikuwa ovaloki. Asipolipa kufikia mwisho wa Februari, akina mama wanakuja wanaibeba. Hakuniambia hiyo sehemu. Niliijua baadaye.

Sasa sikia vile nilitumia hizo pesa. Nililipia jina la tovuti linaloishia na .co.ke na mahali pa kuihifadhi kwa mwaka mmoja. Hapo sikukosea. Halafu nikanunua kiolezo cha kulipia kwa dola, kile cha picha zinazoteleza na maandishi yanayoingia yakicheza. Nikamlipa rafiki yangu apige ile video ya kitambaa. Na hii sijawahi kuiandika popote: nikanunua taa mpya ya kurekodia. Nilijiambia ni ya kazi ya duka, ya kupigia sare picha. Sare nilizipiga siku moja. Video zangu nimezipiga na hiyo taa mpaka leo.

Picha za watoto nilizitoa mtandaoni. Watoto wenyewe hawakuwa wa Kenya hata kidogo, wamevaa makoti ya baridi na wanatembea juu ya majani makavu. Kayole majani makavu yako wapi?

Nilipoizindua Oktoba, niliitundika kila mahali. Mbogi yangu ya zamani ya chuo ikanipongeza. "Buda umeweza!" "Hii ni kama ya ng'ambo!" Nilijisikia kama nimehitimu. Nikalala nikijua Januari mathe atahitaji fundi wa pili na wa tatu.

Miezi miwili ikapita. Kulingana na takwimu za tovuti yenyewe, waliofungua walikuwa watu 61. Ukitoa mimi, ukitoa marafiki zangu, ukitoa binamu yangu aliyefungua mara nne kutoka simu tofauti kunifurahisha, hakuna mtu. Simu ya duka haikulia hata mara moja kwa sababu ya tovuti. Hatukuuza hata soksi.

Lakini hiyo haikuwa mbaya zaidi. Kwenye ukurasa wa mawasiliano niliweka fomu: jaza jina, jaza barua pepe, andika ujumbe. Namba ya simu niliiweka chini kabisa kwa maandishi madogo ya kijivu, ili isiharibu mpangilio. Fomu ilikuwa inatuma ujumbe kwenye barua pepe niliyoifungua kwa ajili ya duka, na ambayo sikuwahi kuiangalia tena.

Wiki ya kwanza ya Desemba ndipo nikakumbuka. Kulikuwa na ujumbe mbili. Wa kwanza ulitoka kwa mtu anayetaka tumlipe ili aipandishe tovuti yetu kwenye Google. Wa pili uliandikwa tarehe 17 Novemba na mama mwenye kashule kadogo ka chekechea upande wa Njiru. Alikuwa anataka sweta 40 na traksuti 40. Anauliza bei, na kama zinaweza kuwa tayari kabla ya shule kufunguliwa. Alikuwa ameacha namba.

Nilimpigia nikitetemeka. Akanisikiliza kwa heshima kabisa, akasema, "Pole mwanangu, nilidhani mmefunga duka. Nilishapeleka kwa wengine."

Sweta 40 na traksuti 40. Hiyo oda peke yake ingelipa chama na kubakisha.

Nilikaa na hiyo habari siku mbili. Ya tatu nikaenda dukani jioni, mathe anafagia vipande vya kitambaa, nikamwambia kila kitu, mpaka taa. Hakupiga kelele. Hapo ndipo aliniambia kuhusu ovaloki. Halafu akasema maneno ambayo ningelipa karo kuyasikia mapema: "Wewe umejenga duka bila kukaa dukani. Kesho uje saa mbili. Ukae hapo kwa stuli. Simu uweke mfukoni."

Nikakaa wiki nzima. Ilikuwa ile wiki wazazi wajanja wanaanza kununua mapema kabla ya msongamano wa Januari. Kazi yangu ilikuwa moja: kila mteja akiingia au akipiga simu, naandika kwenye daftari swali la kwanza aliloulizia. Kufikia Jumamosi nilikuwa na maswali 94, na mengi yalikuwa yaleyale:

"Ni pesa ngapi?" Hilo ndilo liliongoza, kwa mbali.

"Mnashona ya shule fulani?"

"Mtoto ako na miaka tisa, saizi gani itamtosha?"

"Itakuwa tayari lini?"

"Mko wapi hasa? Nimeshuka stejini sioni."

"Mnaweza nitumia na matatu?"

"Nikituma M-Pesa, ni jina gani litatokea?"

Hilo la mwisho lilinishika. Mteja haulizi kwa umbea. Ashawahi kutuma pesa kwa mtu asiyemjua, na bidhaa haikufika. Anataka kujua kama jina atakaloliona kwa simu linafanana na jina la duka. Kwangu mimi mapambo ndiyo yaliyokuwa yanaleta imani. Kwake imani ni majina mawili yanayolingana.

Na katika maswali 94, hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza kuhusu safari yetu.

Usiku wa Jumamosi nikafungua daftari nikaelewa kitu ambacho kiliniuma kidogo. Ile tovuti ya kwanza sikumjengea mzazi anayetafuta sweta. Nilikuwa nimejijengea cheti. Nilitaka wale niliowaacha chuoni waione waseme huyu msee hakupotea. Na waliiona kweli, wakasema hivyo hivyo. Lakini hakuna hata mmoja wao aliye na mtoto wa Gredi ya 4.

Nikaivunja yote, nikaanza upya na ukurasa mmoja. Nitakueleza vile nilivyoufanya, juu najua kuna mmoja wenu ana mathe, shangazi au mwenyewe ana kakibanda na anafikiria hii kitu.

Juu kabisa niliandika sentensi moja ya Kiswahili: tunashona na kuuza sare za shule Kayole, kuanzia chekechea hadi sekondari. Mtu akifungua, ajue kwa sekunde tatu kama amefika au amepotea. Chini yake namba ya simu, kubwa, ukiigusa inapiga. Kando yake kitufe cha WhatsApp. Fomu nikaitupa. Kama mathe huongea na wateja kwa simu na WhatsApp, kwa nini nimlazimishe mteja aandike barua pepe ambayo hakuna mtu anaisoma?

Halafu bei. Hapa tulibishana. Mathe aliogopa washindani wataona wapunguze. Nikamwonyesha daftari: swali linaloongoza ni bei. Mtu asipoiona hakupigii simu kuuliza, anaenda kwa yule aliyeiandika. Tukakubaliana: vitu vya kawaida vinaandikwa bei kamili, na vile vya kupimwa vinaandikwa "kuanzia". Na tarehe chini yake, ili mteja ajue bei ni ya mwezi gani.

Baada ya bei, jedwali la saizi. Hii ilikuwa akili ya mathe, si yangu. Miaka 30 ya kushona iko kichwani mwake: mtoto wa umri huu, kifua cha inchi hizi, sweta namba hii, na "kama ni mnene ongeza moja". Nikamketisha akanisomea, nikaandika. Ukiniuliza, hilo jedwali ndilo kitu cha maana kuliko vyote kwenye tovuti, kwa sababu hakuna mahali pengine ungelipata. Kila biashara ina kitu kama hicho. Kinyozi anajua mtindo gani unafaa kichwa gani. Muuza mbolea anajua gunia linatosha shamba la ukubwa gani. Hicho ndicho uandike.

Mahali tulipo sikuweka ramani peke yake. Niliandika vile mathe huelekeza watu kwa simu: shuka steji hii, vuka, pita duka la dawa, mlango wa kijani. Halafu nikasajili duka kwenye Google, ile huduma ya bure inayoonyesha biashara kwenye ramani na saa za kufungua. Kuna mtu hatafungua tovuti yako maishani mwake, lakini ataandika "sare za shule Kayole" na atataka kuona kama mko wazi Jumapili.

Picha nilipiga mwenyewe, asubuhi, karibu na mlango, bila hata ile taa. Picha ya mathe kwenye cherehani, ya sweta zilizopangwa, ya mshono kwa karibu. Na hapa sikiliza vizuri. Picha moja kutoka kwa simu yangu ni karibu MB 4. Ukiweka 15 jinsi zilivyo, hiyo ni MB 60. Mtu amenunua bando ya mbao, unataka aimalize kwa kuangalia marinda? Nikapunguza kila moja mpaka chini ya KB 150, na kwa skrini ya simu huoni tofauti. Muziki nikatoa. Video nikatoa. Nikaijaribu kwenye simu ya mathe, ile yenye kioo kilichopasuka, nikiwa ndani ya duka ambapo netiweki ni ya kubembeleza. Ilifunguka kabla hajavaa miwani.

Malipo: namba ya Till, na chini yake maneno "jina utakaloliona ukilipa ni hili". Basi. Kuna njia ya kuunganisha M-Pesa moja kwa moja na tovuti ili mteja aletewe ombi la kuweka PIN kwenye simu yake, na ni nzuri ukiwa na oda nyingi. Sisi bado. Usinunue lori kubeba debe moja la maji.

Kuna vitu viwili vingine ambavyo havionekani lakini vingeweza kutuchoma. Cha kwanza ni majina ya watoto. Wazazi hutuma jina la mtoto na shule ili lidariziwe kwenye sweta. Mimi nilikuwa nataka kuyahifadhi yote, ati ni data. Kumbe kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na taarifa za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Tukaamua: jina linaandikwa kwenye oda, sweta ikitoka linafutwa. Na picha za watoto wa watu hatuweki.

Cha pili mathe mwenyewe ndiye alikiuliza: "Hii jina la tovuti imeandikwa kwa nani?" Ilikuwa imeandikwa kwangu, kwa barua pepe yangu, na neno la siri liko kichwani mwangu. Akaniangalia. "Na ukioa uende? Na ukigongwa na gari?" Nikahamisha usajili ukawa kwa jina lake, nikaandika maneno ya siri kwenye daftari analofungia na stakabadhi, na tarehe ya kulipia tena kila mwaka. Kama kuna mtu amekujengea tovuti, leo hii muulize jina limesajiliwa kwa nani. Kama ni kwake, basi umepanga. Huna nyumba.

Najua kuna mmoja anasema, "Lakini si TikTok na Instagram zinatosha?" Mimi ndizo zinanilisha, kwa hivyo sitazitukana. Lakini tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa karibu saa sita, na duka lililokuwa huko tu lilikuwa limefungwa. Hata zikiwa sawa, ile video uliyotaja bei wiki jana, leo imezikwa chini ya video zingine 30, na mteja hatachimba. Mimi huona hivi: mitandao ni makanga, anaita watu kwa sauti. Lakini akishawaita, lazima gari liwe pale, na liwe na namba ya njia.

Tukaizindua upya siku chache kabla ya Krismasi. Safari hii mbogi yangu haikusema kitu. Mmoja aliniuliza kama nimeishiwa na pesa.

Halafu Januari 2026 ikafika. Unakumbuka ile kasheshe, watoto wa kwanza wa CBC wakiingia Gredi ya 10, wazazi wanashika barua za kuitwa shule na siku zimebaki chache. Usiku mmoja saa tano simu ya mathe ikalia. Baba mmoja, msichana wake ameitwa shule ya bweni Ukambani, na yeye anafanya kazi ya usiku, hawezi kufika dukani. Alikuwa ameona jedwali, ameshampima mtoto kwa kamba ya viatu na rula, na namba anazo. Alilipa nusu usiku huo. Sketi mbili, blauzi tatu, sweta, zilitumwa Machakos kwa matatu siku ya tatu. Alipozipokea akatuma nusu nyingine na picha ya msichana akicheka, tukaifuta kama tulivyokubaliana, lakini mathe alikuwa ameshaitazama mara nyingi.

Mwezi huo wateja 23 walisema walitupata mtandaoni. Hiyo namba ni ya daftari, niliendelea kuandika. Haikutufanya matajiri. Kuna hata wiki moja kazi ilizidi, oda tatu zikachelewa, na ikabidi niandike pale juu, "Oda za wiki hii zimejaa, tunapokea za wiki ijayo." Kuna mteja mmoja alituambia kwa sababu ya hiyo sentensi alituamini zaidi. Chama kililipwa tarehe 20 Februari. Ovaloki iko pale pale, inapiga kelele yake.

Ile oda ya Njiru haikurudi. Nilimtumia yule mama ujumbe wa kuomba radhi pamoja na bei zetu, akajibu "Asante, tutaona." Bado tunaona.

Mashangazi bado huniuliza niko wapi siku hizi. Sasa huwaambia niko dukani. Wawili wameshaniomba niwatengenezee tovuti, mmoja ana saluni na mwingine anauza kuku. Wote niliwapa jibu moja: sitagusa kompyuta kabla sijakaa kwako wiki nzima na daftari. Wa kuku alicheka. Wa saluni akanionyesha stuli.

Jumapili iliyopita nilifungua tovuti ya mathe kuangalia kama kila kitu kiko sawa, nikakuta bei ya soksi imebadilika. Nikampigia nikiwa na wasiwasi, nikidhani mtu ametuingilia. Akasema, "Ni mimi. Soksi zimepanda Gikomba. Kwani ulidhani nitakungoja?"